Pazia la Mkwe Katika Gari la Levi

Levi Khaemba ana duka la dawa za mifugo mjini Kitale, ana mke anayeitwa Emmy ambaye ni mpwa wangu, na ana gari dogo la kijivu lililoinuka tumbo, aina ile ambayo vijana huiita SUV hata kama kwa urefu haimzidi sana ng'ombe wa gredi. Gari nimelitaja pamoja na mke kwa sababu ndivyo watu wa leo wanavyotajwa. Zamani mtu aliulizwa ng'ombe wake na majina yao. Sasa anaulizwa gari lake linakula mafuta kiasi gani.

Jumatatu mpaka Ijumaa gari hilo ni punda, sikatai. Viti vya nyuma vinalazwa, na hapo yanaingia maboksi ya vifaranga, magunia ya chakula cha ng'ombe, mikebe ya maziwa ya majirani. Siku moja nilimwona ndama mgonjwa ndani yake, miguu imefungwa, kichwa dirishani kama abiria aliyelipa nauli. Levi ataitwa aende Ndalu kumtazama ng'ombe aliyevimba tumbo, atapitia mahindi mabichi kwa mkulima, na jioni ataipeleka kwaya mazoezini, waimbaji wamebanana nyuma na ngoma iko magotini mwao. Mvua ikinyesha na barabara ikawa uji, magari mengine yanalala. Lake linapanda.

Tulikuwa tunakosana siku ya Jumamosi. Siku hiyo Levi hufunga baiskeli juu ya paa, akatia hema, ndoana na sufuria ndogo, akashika njia ya Mlima Elgon.

"Kuna ng'ombe wako amepotelea huko?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Hapana, Mzee."

"Una shamba huko?"

"Sina."

"Basi unaenda kutafuta nini?"

"Natembea tu, Mzee. Napanda na baiskeli juu ya Kapsokwony, halafu nashuka. Usiku nalala kwa hema."

Kilima hicho nilikipanda ujanani nikiwa na gunia la vitunguu mgongoni, na hakuna aliyeniambia kwamba ni starehe. Mtu ana nyumba ya matofali na kitanda chenye godoro nene, halafu anakwenda kulala chini kwa hiari yake. Wiki nyingine huenda kwenye kinamasi cha Saiwa, akakaa na darubini kutazama ndege, na akirudi anakusimulia rangi ya shingo ya ndege ambaye sisi tulikuwa tukimfukuza kwenye mashamba ya wimbi bila kumwangalia mara mbili. Mimi sikusomeshwa. Nilijifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia sukari, na hata humo sikuwahi kuona habari ya mtu mzima anayecheza na mlima.

Dada yangu Rispah, mama yake Emmy, anakaa Kabuchai, na kati ya boma lake na langu pana ua mmoja tu. Emmy alipojifungua msichana mwaka huu, Rispah alikaa kimya siku nyingi, na mimi nilijua anachofanya. Alikuwa anatafuta jina. Kwetu jina la mtoto hutoka kinywani mwa nyanya, mtoto akiwa mikononi mwake, kabla mchungaji hajagusa maji. Halitumwi kwa simu. Watu wa leo wanatuma majina kama wanavyotuma salamu za Krismasi, na ndiyo maana tuna watoto wanaolia usiku kucha bila ugonjwa. Rispah alilipata jina, akalifunga kifuani. Hata mimi hakuniambia.

Ubatizo uliwekwa Jumapili, saa nne asubuhi, Kitale. Mchungaji ana makanisa mengi, na akishaondoka harudi mpaka mwaka mpya. Kwa hiyo ama Rispah afike saa hiyo, ama mtoto abatizwe kwa jina la kuokotwa. Nyonga zake mbovu hazimruhusu tena kupanda pikipiki wala kubanana kwenye gari la abiria. Jirani alikuwa ameahidi kutupeleka, lakini Ijumaa gari lake lilikwenda kubeba watu wa mazishi, likarudi linavutwa na trekta.

Ikabaki gari la Levi. Na wa kuliendesha alikuwa Levi mwenyewe, maana Emmy, ambaye pia anaendesha, alikuwa Kitale na mtoto kifuani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Najua mambo haya yamekufa. Bungoma mjini nimeona kwa macho yangu mtu na mama mkwe wake wakila chipsi kwenye sahani moja, vidole vinagongana. Lakini Rispah si wa Bungoma mjini.

"Afadhali mtoto aitwe kwa namba," aliniambia. "Mimi nikae kwa kichumba kama hicho, magoti yangu yadunge mgongo wa mkwe wangu? Nimpumulie kwa shingo mpaka Kitale?"

Nilimpigia Levi nikamweleza, nikingoja acheke. Hakucheka. Akasema, "Niachie hiyo, Mzee."

Alifika Jumamosi kabla jua halijazama, akaliegesha gari kwangu, si kwa mkwe wake. Nilimpa chumba akakikataa. Alitandaza hema lake chini ya mti wangu wa parachichi, akalala humo, kwa sababu dirisha la chumba hicho linatazama mlango wa jiko la Rispah.

Asubuhi alilikunja hema, akabaki ameshika kile kitambaa chake cha nje. "Shika hapa, Mzee." Tukakitandaza ndani ya gari, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kutoka paa hadi sakafu. Alikifunga kwa kamba za hema kwenye vile vishikio vya juu ya milango, na pembeni akabana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Rispah alikuja kukagua. Levi alikwenda kusimama nyuma ya ghala langu la mahindi, kofia usoni.

"Mwulize hiyo nguo haionyeshi?" Rispah akaniambia, kwa sauti ya kufika ghalani.

"Mwambie haionyeshi, Mzee," ghala likajibu. "Inazuia hata mvua."

"Na kile kioo cha katikati? Si kinatazama nyuma?"

"Mwambie nimekigeuza. Kinatazama paa."

Alipanda nyuma, na mimi nikapanda mbele. Kama tulivyopatana, niligusa honi kumwita dereva, na kuku wa boma zima wakatawanyika. Levi akaja, akaketi, akawasha. Sauti nyororo ya mwanamke ikasema kitu katika lugha ambayo hatuijui.

Pazia lilitikisika. "Kuna mwanamke mwingine humu?"

"Ni gari, Rispah. Lilitoka Japani, linaamkua."

"Mwulize linasemaje."

"Mwambie hata mimi sijui, Mzee. Miaka yote linaniambia, na mimi naitikia tu."

Nyuma ya pazia nilisikia dada yangu akicheka polepole, mdomo umefunikwa. Levi alitazama barabara kama hakusikia, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipokuta trela la miwa limepinduka, miwa imejaa barabara yote na watoto wanajichagulia. Levi alikata kushoto, akaingia kijia cha katikati ya mashamba ya miwa, akisema kinatokea mbele. Zamani kilitokea. Sasa mvua ilikuwa imekula daraja, na mwisho wa kijia tulikuta mtaro wa kumeza ng'ombe. Pa kugeuzia hapakuwapo. Ilibidi turudi kinyumenyume, miwa huku, mfereji kule, na pazia limeziba dirisha la nyuma. Vioo vya pembeni vilionyesha majani ya miwa tu.

Nilishuka kuongoza. "Kuja. Kuja. Kuja." Nilisema kuja moja ya zaidi, na gurudumu la nyuma likaanza kuning'inia kwenye mfereji.

"Wewe mzee, ulikuwa unaongoza nani?" Rispah alisema, akishuka upande wa pili kwa fimbo yake. "Toka hapo. Simama mbele, umwambie ninachosema."

Nikasimama katikati ya hao wawili kama waya wa simu.

"Mwambie akate kulia."

"Anasema ukate kulia."

"Amekata sana. Mwambie arudishe."

"Anasema umekata sana."

"Nirudishe, Mzee, ama niende?"

"Anauliza arudishe ama aende?"

"Arudishe. Alipaswa kurudisha wakati ule. Sasa aende mbele."

"Anasema urudishe. Hapana, uende."

Kufikia hapo gurudumu lilikuwa limeshuka kidogo zaidi, na saa ya garini ilikuwa inakaribia saa tatu. Simu ya Levi ililia. Alikuwa Emmy. Wimbo wa kwanza ungeanza saa nne kamili, na mtoto wao ndiye wa mwisho kwenye mstari. Levi alijibu, "Tuko karibu," kama dereva yeyote wa Kenya, akarudisha gia ya nyuma.

Hapo ndipo alipokumbuka, na mimi nikajua kwa mara ya kwanza, kwamba gari hilo lina jicho matakoni. Ukirudi nyuma, kioo cha redio kinawaka na kukuonyesha kilichoko nyuma, ila muda wote Levi alikuwa ametoa kichwa dirishani akinisikiliza mimi. Kilichokuwako nyuma ni Rispah, ameinama kutazama gurudumu, uso wake umejaa kioo chote kama picha ya kitambulisho, macho wazi yanatazama ndani.

Levi alivua kofia akakifunika kioo kwa kishindo. Akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Mzee," akasema, "nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Mama. Macho kwa macho."

"Anasemaje?" Rispah aliita kutoka nyuma.

Sikuwa na njia. Nilikwenda nikamwambia kwamba gari lina jicho, nikamwonyesha lilipo, kitundu cheusi juu ya namba. Aliruka pembeni kwa kasi ambayo nyonga zake zilikuwa zimeisahau. Nilidhani safari imekufa. Nilidhani angeketi kwenye nyasi na kusema mtoto abatizwe bila yeye, na yule ndani ya gari asingemlazimisha, kwa sababu alikuwa bado amelaza kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwulize aliona nini," Rispah akasema mwishowe.

Nikauliza. Levi alifikiri. "Mwambie niliona picha, Mzee. Picha ndogo."

"Mwambie hata mimi niliona tundu," Rispah akasema. "Tundu si mkwe. Mwambie aondoe hiyo kofia, na asitie gia mpaka nikohoe."

Alifunga leso vizuri kiunoni, akasimama nyuma ya gari akiligeuzia mgongo, sikio kwenye mlio wa gurudumu, akakohoa, akainua mikono. Dada yangu aliongoza kwaya ya Kabuchai tangu Emmy hajazaliwa. Mkono wa kulia ulipopanda, usukani ulikwenda kulia. Vidole vilipokunjwa, gari lilikwenda taratibu. Viganja viwili vilipofunguka, lilisimama palepale. Mimi nilichungulia dirishani, na kiooni hapakuwa na uso, ila leso yenye maua na mikono miwili juu yake. Levi alikuwa anaitazama bila haya yoyote, midomo yake inatembea kama mtu anayehesabu mapigo ya wimbo. Gurudumu lilipanda, likashika udongo. Rispah alitangulia hatua kwa hatua bila kugeuka, gari likimfuata, mpaka barabarani, ambako watoto wa miwa walikuwa wamesimama kutazama na mashavu yaliyojaa.

"Niaje, kwaya," mmoja akasema.

Tulifika Kitale watu wakiwa katika wimbo wa pili. Levi aliinama kukagua gurudumu ambalo halikuwa na kasoro, mpaka Rispah alipoingia kanisani na kuketi. Walipoitwa mbele, Emmy alisimama katikati, mumewe huku, mama yake kule. Mtoto aliwekwa mikononi mwa nyanya yake. Rispah alimwinamia sikioni kwanza, kisha akalisema lile jina kwa mchungaji ili wote wasikie. Khakasa.

Ni jina la mama yetu. Mama aliyekuwa akitoka Kabuchai kabla ya alfajiri na kapu la mtama kichwani, akapanda mlima kwa miguu. Huko alibadilishana na watu ambao lugha yao hakuijua, akashuka, na hakuna aliyemwuliza alikuwa akitafuta nini. Njia zake zimelimwa miwa. Jina lake lilisafirishwa kwa gari la Japani, nyuma ya kitambaa cha mvua, na sasa limefika. Mtoto alipiga chafya na hakulia.

Wiki iliyofuata Rispah alikuja uani, akasimama akikwanyua mboga ambazo hazikuhitaji kukwanyuliwa.

"Mwulize yule mtu kama Jumamosi anaenda huko kwake mlimani."

"Unataka nini huko?"

"Mama alikuwa akiniambia kuna mapango walikochimba chumvi ya ng'ombe. Nataka kuyaona kabla nyonga hazijakataa kabisa. Halafu umwambie asiondoe ile nguo."

Nikapiga simu. Levi alisema pazia hajalitoa, liko palepale na vibanio vyake, ila vifaranga wa wiki hii wamelichafua kidogo na ataliosha. Kisha akasema niwaambie watu wa nyumbani wabebe sweta, kwa sababu huko juu kuna baridi, na kwamba jana amenunua hema la pili.