Mkono Nilioushika Kwa Daktari wa Meno

Meno yangu yakiguswa na maji baridi, majirani hadi orofa ya sita hujua. Juzi mke wangu Nekesa na mama yake wakanisindikiza kliniki moja Westlands nipigwe leza, ule mwanga mkali wa kutuliza meno. Daktari alinivika miwani nyeusi, sioni kitu. Kwa woga nikapapasa nikimtafuta Nekesa, nikapata mkono, nikaung'ang'ania.

Leza haikuuma hata kidogo. Daktari alipomaliza nikaubusu ule mkono, nikanong'ona, "Mpenzi, bila wewe ningekufa leo."

"Nekesa ametoka kupokea simu," akajibu mama mkwe, ambaye kwa heshima za kwetu hata salamu za mkono hatupeani. "Ulikuwa unatetemeka, mwanangu. Sasa ningekuacha hivyo?"