Mnektarini Mbele ya Dirisha

Mtaa mzima ulimwita Mama Nukta, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusoma kurasa kabla hazijapigwa chapa na kuwinda makosa. Nukta iliyopotea haikumpita. Hata kadi za mwaliko alizoletewa na majirani alizirudisha zina wino mwekundu pembeni, kisha akaenda kwenye shughuli yenyewe amevaa kumzidi mwenye shughuli. "Nyumba yetu haina kosa la chapa," alipenda kusema. Watu walicheka, lakini walimsogezea kiti.

Mumewe alikuwa mpima ardhi. Mipaka ya viwanja vya wenzake aliipima kwa kamba na darubini, ila mti wake mwenyewe aliupanda hatua tatu tu kutoka ukutani, mbele ya dirisha la chumba cha kando, lile linalotazama barabara.

"Unawapimia watu, kwako hupimi?" mkewe alimtania.

"Mganga hajigangi," alijibu yule bwana, akiendelea kushindilia udongo kwa kisigino.

Ulikuwa mnektarini. Nektarini ni ndugu wa pichi, ila halina vinyweleo. Ngozi yake ni laini, nyekundu upande wa jua na njano upande wa kivuli. Kila msimu, matunda yalipofikia ukubwa wa kidole gumba, bwana alipanda ngazi akachuma nusu yake na kuyatupa chini. Mkewe alikuwa akiyaokota kwa uchungu.

"Unayaua bure."

"Naupunguzia mzigo. Mti haujui kukataa, mke wangu. Ukiuacha utabeba mpaka uvunjike."

Bwana alipofariki, Mama Nukta aliutunza mti kwa mkono wake. Aliumwagilia, akaufagilia chini, lakini kutupa tunda hata moja hakuweza. Mwaka wa tatu mti ukazaa kwa namna ambayo mtaa ulikuwa haujawahi kuiona. Matawi yaliinama hadi yakategemezwa kwa magongo. Wapita njia walisimama getini.

"Mama Nukta, mti huo umebarikiwa au umelogwa?" muuza matunda wa kona alimpigia kelele. "Unataka kunifungia biashara?"

"Ni matunzo tu, dada yangu," alijibu, shingo imenyooka.

Alichokiona asubuhi moja usawa wa goti hakumwambia mtu. Shina lilikuwa likitoka gundi, matone mazito ya rangi ya asali, na chini yake kulikuwa na unga laini kama wa mbao iliyokatwa. Akakoroga chokaa kwenye ndoo, akalipaka shina lote kuanzia chini hadi penye panda.

"Leo umeuvisha soksi!" muuza matunda akacheka.

"Usafi, dada."

Siku ya tatu gundi ilikuwa imepenya chokaa. Akapaka tena.

Nyuma ya majani yale, katika chumba cha kando, alilala mwanawe. Alikuwa fundi umeme, mtu wa kupanda nguzo ndefu huku akipiga mluzi. Miezi minane iliyopita alirudi nyumbani na mfuko mdogo, akaingia chumbani, akajilaza, asiinuke tena. Homa hakuwa nayo. Alikula kidogo, akasema kidogo zaidi, na kutwa nzima alitazama dirishani. Mtaa uliambiwa amepata kazi nchi ya mbali. Hata dada yake alipewa maneno ya kusema: "Kaka yako yuko nje, kikazi. Sentensi nzima ni hiyo, usiongeze neno." Na majani, kwa bahati, yalikuwa mazito, kutoka barabarani hapakuonekana hata kioo.

"Mama," kijana alisema siku moja alipoletewa chai, "unga unamwagika mtini. Jana ulikuwa hivi." Alionyesha ncha ya kidole. "Leo hivi." Akaonyesha kidole kizima.

"Lala, mwanangu."

"Na kuna ufa. Umepita pale baba alipofunga waya."

"Lala."

Alidhani ni ugonjwa unaosema. Alivuta mlango taratibu, kama mtu anayefunga kitabu baada ya kuona kosa ambalo limeshachapwa.

Ndipo posa ya binti yake ilipofika. Mchumba alikuwa mtoto wa seremala mmoja anayeheshimika, na wazazi wake waliomba kuja Jumamosi wafahamiane. Sebule ilitenganishwa na chumba cha kando kwa mlango mwembamba tu.

"Tutakaa chini ya mti," Mama Nukta aliamua. "Kuna hewa."

"Na kaka je?" binti akauliza.

"Kaka yako yuko nje."

"Mama, yuko chumbani."

"Nimesema yuko nje! Wakimwona watasema ni ugonjwa wa ukoo. Wewe hutaolewa, na jina la baba yako litaokotwa barabarani kama ganda."

Binti alienda kutandika kitambaa mezani, chini ya matawi.

Jumamosi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nyuki walikuwa wametulia juu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Seremala, mtu mnene mwenye sauti ya karakana, aliingia mikono imetanuliwa.

"Mkwe! Wenzako wanatundika taa uani, wewe umetundika matunda!"

"Karibuni, karibuni. Keti, mkwe."

Mkewe seremala, mwanamke mwembamba wa miwani, alikaa ukingoni mwa kiti na kutazama huku na huku. Chai ikamiminwa. Seremala aliuma tunda, maji yakamtiririka ndevuni, akacheka mwenyewe. Binti akaanza kutabasamu.

Kukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga kijiti kikavu. Hakuna aliyekuwa amesogeza mguu.

"Mama! Watoe hapo!"

Sauti ilitoka ndani ya majani. Vikombe vikasimama hewani.

"Ni nani huyo?" aliuliza mwanamke wa miwani.

"Redio," Mama Nukta akasema. "Redio ya jirani."

"Mama, ufa unafunguka! Watoe!"

Seremala aliweka tunda chini. Aliinuka, akaliendea shina, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga mbao kabla ya kuinunua. Juu likalia kama mti. Chini, penye chokaa, likalia kama debe tupu. Akakwangua kwa ukucha. Ukucha ukazama, na unga wa kahawia wenye unyevu ukamwagikia kiatu chake.

"Mkwe," alisema polepole, "redio hii inaujua mti wako kuliko wewe."

Binti alimtazama mama yake. Mama Nukta alitazama mlango, hatua nne tu, na hazikuwahi kuwa mbali kiasi kile. Mlio wa pili ukasikika, mrefu kuliko wa kwanza.

"Ni mwanangu," akasema. "Ingieni ndani. Haraka! Acheni vikombe."

Yeye aliingia wa mwisho. Mlango mwembamba ulikuwa wazi. Kijana alikuwa amepiga magoti kitandani, paji la uso kwenye kioo, ndevu zimeota ovyo.

"Karibuni," alisema, bila kugeuka.

Hapo mti ukaanguka. Uliinama taratibu, ukararuka, ukalala juu ya meza na viti vinne. Matunda yakabingirika hadi getini. Ndani ya shina lililopasuka funza weupe, wanene, walijikunja kwenye jua.

Mwanga ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, ukaonyesha shuka, na sahani ambayo haikuguswa.

"Ana muda gani hivi?" mwanamke wa miwani aliuliza.

"Miezi minane."

"Hospitali wanasemaje?"

Mama Nukta hakuwa amempeleka. Hospitali ina foleni, na foleni ina macho.

Wageni waliaga kwa adabu. Habari ya ndoa haikutajwa. Getini, akiruka matunda, seremala aligeuka.

"Kesho nitakuja na msumeno, mama, tuliondoe gogo."

Asubuhi yote alikuwa akimwita mkwe. Msahihishaji wa miaka ishirini na sita aliliona neno lililobadilika mara moja, ila safari hii hakuwa na wino wa kulirekebisha.

Nyuma ya wageni, muuza matunda na wengine wawili walikuwa wamesimama barabarani. Hawakuutazama mti. Macho yao yaliupita, yakaenda moja kwa moja dirishani.

Mama Nukta alirudi chumbani mbio, akakamata pazia.

"Usifunge," mwanawe alisema. Kidole chake kilifuata kitu pembeni mwa fremu. "Mizizi imeinua msingi. Ufa umeingia ukutani sasa, mama. Nauona unapanda."

Mkono wa Mama Nukta ulibaki kwenye pazia. Watu barabarani walikuwa wamefika sita. Alitaka kumwambia alale.

"Wapi?" akauliza, akasogea karibu na kioo.