Wanzuki ya Wasiokunywa

Niliondoka Dodoma kwa sababu Yona, mdogo wangu, aliniomba nikamwonjee pombe aliyoitengeneza mwenyewe. Ombi hilo lilinichekesha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Ujanani Yona alikuwa mnywaji wa kutisha. Mke wake wa kwanza alirudi kwao kwa sababu hiyo. Baadaye Yona akahamia Unyamwezi, akaokoka katika kanisa la Wamoraviani, akaoa upya, na kuapa kwamba pombe haitapita tena kinywani mwake. Sasa kijiji chake cha ujamaa, karibu na Igalula, kilikuwa kimekusanya asali ya msimu mzima kutoka kila nyumba na kumkabidhi yeye aigeuze wanzuki, ile pombe ya asali. Meneja wa hoteli moja ya Tabora alitarajiwa Jumamosi kuja kuinunua. Akiikubali, kijiji kingepata mashine ya kusaga. Akiikataa, asali ya watu wote ingekuwa imepotea mikononi mwa Mgogo mmoja wa kuja. Mimi nilikuwa mwonjaji wa divai katika shamba la mizabibu la misheni, kwa hiyo nikaomba ruhusa, nikafunga kanga zangu, nikapanda treni.

Njiani, daraja la tatu, niliketi mbele ya bwana mmoja wa ofisini aliyevaa suti ya Kaunda. Alinieleza maana ya kujitegemea tangu tulipoondoka hadi Manyoni, na katika maelezo hayo alikula mayai yangu ya kuchemsha. Manyoni nilinunua kuku wa kuchoma ambaye, kwa ugumu wake, naamini alikufa kwa uzee. Itigi nikauziwa chai iliyoonyeshwa sukari kwa mbali. Igalula yenyewe ilipita nimelala, wala hakuna mtu aliyeona haja ya kuniamsha, ingawa bwana wa kujitegemea alijua vizuri niendako.

Tabora, asubuhi, nilishuka na hasira yangu na kifurushi changu. Treni ya kurudi Igalula ilikuwa ya alasiri. Nikaenda Mtendeni kwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa nguo na asali, ambaye Yona alinitajia nikamtafute ikiwa nitapotea.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Wewe ndiye dada wa yule Mgogo wa mapipa?"

"Ndimi."

"Ingia ule kwanza. Huko uendako watakushibisha maneno."

Alinipakulia wali wa samli, mchuzi wa kuku aliyekuwa bado kijana, na baadaye asali mbichi ikiwa ndani ya sega lake. Nilitafuta kasoro nikakosa, na jambo hilo liliniudhi kidogo. Mbele ya nyumba yake ilipita njia ya zamani ya misafara. Wanyamwezi ni watani wetu tangu wapagazi wao walipokuwa wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, na babu zetu wakiwatoza hongo ili wapate maji. Ndiyo maana hata leo Mnyamwezi akimwona Mgogo hupapasa mfuko wake.

"Asali ile si ya mchezo," aliniambia Bi Zuhura. "Walipohamishiwa kijijini mizinga yao ilibaki porini kule kule. Wanaume walikwenda kulina kwa miguu, wakilala msituni na simba. Na kazi ya kuitengeneza kamati imempa nani? Watu wasiokunywa, wote! Mwenyekiti amesema wanywaji wangeimaliza kabla haijaiva."

"Na ninyi mnaionaje hiyo?"

"Mimi ni Mwislamu, mwanangu, pombe siijui. Lakini hata mimi naona hapo akili haikupita."

Jioni, Igalula, Yona alinipokea na baiskeli. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Nyumbani mkewe alitutengea ugali wa mtama, uyoga uliopikwa na karanga, na mlenda. Sisi Wagogo tumezaliwa na mlenda, kwa hiyo nilionja kijiko kimoja na kusita.

"Wifi, mlenda hautiwi karanga."

"Huku unatiwa."

"Ndiyo maana," nikasema.

Hakucheka. Hapo nilielewa kwamba utani una mipaka, na kwamba mpaka wenyewe ni sufuria ya mtu. Uyoga ulikuwa mtamu sana, lakini kwa kuwa hakuniuliza, sikumwambia.

Asubuhi iliyofuata kamati ilikusanyika nyumbani kwa Yona. Mapipa yalikuwa katika chumba kilichopakana na chumba cha kulala, maana mwenyekiti, Mzee Kapaya, mzee wa kanisa, aliona hapo ndipo mahali salama kuliko pote kijijini. Kwetu, na kwao pia, anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele ya macho yako, uone haina ubaya. Pale nilikabidhiwa kata iliyojaa na wenyeji wote wakakunja mikono, Wamoraviani upande mmoja na Waislamu upande wa pili, wakinitazama.

"Rangi yake nzuri," akasema mmoja.

"Na inanukia vizuri," akasema mwingine, aliyesimama mbali, mlangoni.

Nilionja pipa la kwanza, la pili, na yote. Yalikuwa maji ya asali. Matamu, safi, yaliyolala kimya tangu siku yalipochanganywa. Mtoto angeyanywa akaenda shule.

"Mliyatengenezaje?" nikauliza.

Mzee Kapaya alijibu kwa fahari. Asali ilichujwa kwa kitambaa cheupe hadi isibaki hata chembe. Maji yalichemshwa. Mapipa yalisuguliwa kwa sabuni, wakati nchi nzima inapanga foleni ya sabuni. Sasa, kinachoumua asali ni huo huo uchafu wake: masega, chavua, na majana, yaani watoto wa nyuki. Hawa walikuwa wamekitoa chote, wakakitupa shimoni, wakasimama kungoja muujiza. Nilikuwa nimeona upumbavu mwingi katika shughuli za divai, lakini upumbavu uliokunja mikono namna ile sikuwahi kuuona.

"Na nani aliwafundisha kuchuja hivi?"

"Ndugu Yona," akasema Mzee Kapaya. "Yeye ni mtaalamu."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka moyoni. Yona ndiye aliyekuwa akitengeneza wanzuki bora kuliko zote kwetu, kabla pombe haijamtengeneza yeye. Kila hatua aliijua. Niliwaambia wanipe muda hadi jioni, nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda nyuma ya nyumba.

"Umeiua asali ya watu kwa makusudi," nikamwambia.

Hakubisha. "Iko nyuma ya kichwa changu ninapolala, dada. Ukuta mmoja tu. Ikiumuka nitaisikia harufu, na nikiisikia nitainywa. Siku ya kwanza kata moja. Siku ya pili hutanijua."

"Si ungekataa kazi?"

"Ningesema nini? Kanisani wananisimamisha mbele kila mara, tazameni Yona alivyobadilika. Nikisema bado naitamani, watasema sikuokoka. Na hawa wengine watasema Mgogo amekimbia kazi ya kijiji."

"Na mimi umeniitia nini?"

"Nilijua utaonja, utagundua," akasema. "Nilijua pia hutanyamaza."

Nilimhurumia hadi nikataka kumpiga. Nikiwaeleza kamati ukweli, kijiji kingejua kwamba alikuwa anaiangamiza asali yao, na angefukuzwa kama mwizi. Nikiwafundisha tu namna ya kurekebisha, wangemwachia mtaalamu wao mapipa yanayochemka kando ya mto wake wa kulalia. Nikinyamaza, wale wanaume walikuwa wamelala porini bure.

Jioni kamati ilirudi, na safari hii nusu ya kijiji iliwafuata. Wifi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nikafanya kazi ninayoijua kuliko kuonja, yaani kutukana.

"Mmempa mapipa mtu asiyejua hata maji yanachemka lini," nikasema. "Huyu mtaalamu? Huyu uhodari wake ulikuwa kumaliza pombe ya wenzake. Kuitengeneza hakuijua tangu kwetu. Tulimpa mbuzi achunge, mbuzi wakapotea. Tukampa shamba alime, nyani wakavuna. Nanyi mkaona huyu ndiye!"

Watu walicheka. Yona alitazama chini. Wifi hakucheka.

"Sasa tufanye nini?" akauliza Mzee Kapaya.

"Mapipa yatoke nyumba hii leo hii. Fukueni masega mliyoyatupa, muyarudishe humo kama yalivyo. Na kazi apewe mnywaji mkubwa kuliko wote hapa kijijini."

Macho yote yalimgeukia Bibi Kalunde, mama mzima aliyekuwa ameegemea ukuta kwa sababu zake.

"Huyu atakunywa pipa zima!" akalalamika mzee.

"Ndiyo, na atawaambia lini limeiva. Mengine mtauza. Sasa hivi mnayalinda yote, na hamna hata moja la kuuza. Meneja mwambieni angoje."

Walinung'unika, wakasali kidogo, kisha wakaanza kuyaviringisha mapipa. Nyumba ilipobaki tupu, Yona aliingia chumbani akalala na viatu vyake, wala hakuamka kwa chakula.

Siku ya kurudi alinisindikiza stesheni peke yake, akiwa amebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kibuyu cha asali. Mkewe hakutoka kuniaga. Treni ilipokaribia, Yona alinishika mikono yote miwili.

"Umenitukana vizuri, dada," akasema. "Asante."

Nilirudi Dodoma nikiwa nimejifunza kwamba uyoga wa Unyamwezi hauna mfano, na kwamba pombe haitaki watu safi wasimamie. Mashine ya kusaga ilinunuliwa kweli, ikaharibika mapema, lakini hilo halikuwa kosa la Bibi Kalunde. Nilijifunza pia kwamba yako mema ambayo huwezi kuyaeleza kwa mtu bila kuyaharibu.

Wifi yangu hajanisamehe mpaka leo. Husema mbele za watu kwamba nilimvua nguo mumewe kijiji kizima kikitazama, na mimi sijamjibu neno. Mumewe hurudi nyumbani kila jioni akitembea wima, akala, akalala.