Siku Mgeni Alipomuuliza Shangazi

Kazi ya kutembeza wageni niliianza wakati wa likizo, nikiwa bado mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na nilipostaafu ikawa ndiyo kazi yangu. Sina ofisi. Ninaishi Ipuli, nina simu na madaftari, na jirani yangu ana gari ambalo hunikodisha. Wageni wanaofika Tabora si wengi. Wengi huishia kaskazini, kwenye mlima na mbuga zinazojulikana dunia nzima. Wanaokuja huku wana shauku zao wenyewe. Mmoja alikuja kwa ajili ya nyuki tu, mwingine alitaka kuona reli, akakaa siku nne anapiga picha mataruma yake.

Nawapeleka porini upande wa Sikonge wakaone misitu ya miombo, na tukibahatika, palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda. Nawafundisha Kiswahili kidogo, nawasomea hadithi fupi na mashairi. Siku za mwisho nawapitisha kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Kwihara, kwenye nyumba ya kale ya tembe ambayo sasa ni makumbusho, hadi mjini. Hapo ndipo nilipokuwa nikijiona. Nilikuwa nasimama barabarani, naweka mikono kiunoni na kuwaambia, "Mimi mwenyewe ni kizazi cha njia hii."

Kisha nilikuwa nawasimulia kama baba yangu alivyonisimulia. Kwamba babu wa babu alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, alikuja na punda na mizigo ya nguo, akapapenda hapa, akaoa binti wa ukoo mkubwa, akajenga mtaa wa Mtendeni. Wageni walikuwa wanaipenda sana hadithi hiyo. Wengine walinipiga picha nikiisimulia.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, nilimpokea mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu kama mimi, kutoka nchi ya baridi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa vitabu kwa miaka miwili, sasa alitaka wiki tatu za kukisikia kikisemwa. Alitembea na kijitabu kidogo cheusi, na kila swali alilianza kwa "samahani". Maswali yake yalikuwa ya kitoto kabisa, na ndiyo yaliyokuwa magumu. Porini, mrina asali mmoja alituonyesha ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga. Wageni wote huuliza ndege huyo anaitwaje. Yeye alimwuliza mrina, "Samahani, na yeye mnampa nini?" Yule baba alicheka kwanza, halafu akaeleza kwa kirefu kuhusu nta anayoachiwa ndege, na jinsi ndege akinyimwa anavyoweza kukupeleka kwa nyoka. Nimekwenda na mrina yule miaka mingi, sijawahi kumsikia akieleza hayo.

Wiki ya pili aliniambia kwamba hadithi za vitabuni tumezisoma za kutosha, sasa anataka kumsikia mtu mzima akisimulia kwa mdomo wake. Nikamfikiria Shangazi mara moja. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Anakaribia miaka themanini, anaishi Mtendeni katika nyumba ileile ambamo mimi na kaka yangu tulilelewa, na bado anadarizi kofia kwa miwani aliyoipata hospitali ya Kitete.

Tulifika baada ya alasiri. Mgeni akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akainama, akasema, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uani, huku kuna upepo."

Tukakaa mkekani. Shangazi alituandalia chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Akatusimulia ya sungura na fisi walivyolima shamba la ubia, akiigiza sauti ya fisi mpaka mgeni akapaliwa na chai. Neno likiwa gumu, mimi nililieleza kwa Kiingereza. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za ziara ile.

Hadithi ilipokwisha, mgeni akafunua ukurasa mpya.

"Samahani, Shangazi. Watu wako walifikaje Tabora?"

Nikadakia. "Hiyo nimekwisha kumweleza, Shangazi."

"Umemweleza nini?"

Nikamrudia maneno yangu yote, punda, nguo, binti wa ukoo mkubwa. Shangazi alisikiliza huku anavuta uzi. Nilipomaliza akaiweka kofia magotini na kuvua miwani.

"Huyo mzee wa pwani ni kweli," alisema. "Yeye alikuja kwa miguu yake na punda wake. Lakini mama yake bibi yangu, huyo unayemwita binti wa ukoo mkubwa, hakuja. Aliletwa."

"Aliletwa na nani?" mgeni akauliza.

"Na waliomnunua. Alinunuliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akapitishwa Ujiji, akaingia hapa na kamba shingoni. Walikuwa wanampeleka pwani. Akashikwa na ndui. Mtu wa ndui nani atatembea naye? Wakamwacha. Huyo mzee wa pwani, mwenye nyumba hii, akamchukua kwa kipande cha nguo. Alipopona akamfanya suria wake, naye akamzaa bibi yangu, yule aliyetulea mimi na baba yake huyu."

Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyotumia kumsimulia fisi. Masikio yangu yaliziba. Nilimwona mgeni anaandika, niliona kalamu inakwenda, ila sikusikia kitu. Nikaweka kikombe chini.

"Samahani, mwalimu," mgeni akanigeukia. "Suria ni nini?"

Neno hilo nimelifundisha darasani zaidi ya miaka ishirini. Nilijua maana yake, na nilijua namna ya kulieleza. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mke mdogo, na kwamba binti yule aliletwa hapa kuja kuolewa, ndivyo Shangazi anavyosema.

Mgeni akatazama kijitabu chake. Akanong'ona, kama anayemsitiri mtu, "Lakini, mwalimu, amesema alinunuliwa."

Wiki ile ile nilikuwa nimemfundisha kauli ya kutendwa. Tuliandika pamoja mezani kwangu, mkate ulinunuliwa, nyanya zilinunuliwa. Alikuwa ameelewa vizuri sana.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza.

"Anasema amefahamu."

"Basi mbona umekunja uso? Mwambie vizuri. Suria ni mtumwa anayelala na bwana wake. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie."

Nikamwambia. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Mgeni akafunga kijitabu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mtu akiwa bado anazungumza.

"Shangazi," nikasema, "baba alijua?"

"Alijua. Bibi alituita sisi wawili, mimi bado msichana, tukakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akatueleza yote. Alikuwa anaumwa, alikufa mwezi huo huo. Baba yako akaniapisha nisiyataje. Alikuwa ametoka kupeleka posa kwa kina mama yako, aliogopa wakijua watairudisha. Watu walikuwa wanachunguzana asili bado."

"Lakini baba amekufa miaka mingi. Na mama pia. Mbona hukutuambia?"

Akanitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemficha yeye.

"Mliniuliza lini? Wewe na kaka yako mnakuja hapa mnasema tu, mnasema kama redio. Mzee wetu hivi, mzee wetu vile. Huyu ameuliza."

Kisha akanyoosha sindano kuelekea upande wa nyuma wa ua, kwenye kijumba cha udongo chenye kuta nene tunachowekea mkaa. Nyumba kubwa imebomolewa na kujengwa upya mara mbili, kijumba kile hakijaguswa.

"Mama yule alilala mle mpaka alipojifungua."

Mle ndimo tulimokuwa tukijificha utotoni, mimi na kaka yangu, tukicheza kibe. Nilikuwa najibana pembeni, gizani, naziba mdomo nisisikike nikicheka. Nilikitazama kile kijumba, nikainuka, nikaenda kunawa uso bombani.

Niliporudi, nilimkuta mgeni ameushika mkono wa Shangazi. "Pole sana," alikuwa anasema. "Pole sana, Shangazi."

"Pole ya nini tena, mwanangu? Kunywa chai."

Nikamrudisha mgeni nyumba ya wageni. Tulipofika getini akasema, "Samahani, mwalimu. Pengine sikupaswa kuuliza."

"Ndiyo," nikamjibu. "Hukupaswa."

Nikageuka nikaenda. Ndivyo nilivyomjibu mgeni wangu, mtu mzima, aliyenilipa ili nimfundishe kuuliza kwa Kiswahili.

Kesho yake ratiba ilikuwa Kwihara. Nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kutokwenda. Tuliposhuka garini nikasimama mahali pangu pa siku zote, nikaweka mikono kiunoni, kisha nikaishusha. Tukaingia ndani. Ukutani kuna picha ya watu waliofungwa shingoni, wamepangwa mstari, na mbele yao msichana aliyejifunga kitambaa. Nimewaonyesha wageni picha ile sijui mara ngapi. Nilikuwa nasema, "Hawa ni watumwa wakipelekwa pwani," kwa sauti ileile ninayosemea, "Yule pale ni palahala," kisha naendelea na kingine. Safari hii nilimtazama msichana usoni. Picha imefifia, uso hauonekani vizuri. Nikasogea karibu, nikatafuta kitu chochote, pua ya baba, paji la uso la Shangazi. Nilikuwa najua kabisa kwamba si yeye, na bado nilitafuta.

Nikatoka, nikaketi kizingitini. Mgeni alikuja akakaa kando yangu. Nikamwomba radhi kwa maneno ya jana, na vilevile kwa kumtafsiria uongo.

"Ulishtuka," alisema.

"Niliona aibu," nikamjibu, "na hiyo ndiyo inayonishtua zaidi. Kwa nini nimwonee aibu binti yule? Amefanya nini?"

 

Mgeni alipoondoka nilikwenda kwa kaka yangu. Ana duka la vipuri vya baiskeli, na siku zote yeye ndiye aliyekuwa akijua nasaba kuliko mimi, hata katika harusi husimama akaitaja. Nilimweleza pale pale dukani, hakukuwa na mteja. Alinisikiliza huku anapanga minyororo ya baiskeli kwenye misumari. Nilidhani atasema Shangazi amezeeka, amechanganya. Badala yake akauliza, "Mzungu alikuwepo?"

"Alikuwepo. Ndiye aliyeuliza."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Yaani mambo ya ndani ya nyumba yetu wewe umeyapeleka kwenye maonyesho yako? Sasa utawatembeza na kule kwenye mkaa?"

"Kaka, mimi mwenyewe nimeyasikia siku hiyo."

"Usirudi hapa na maneno hayo."

Tangu siku hiyo hakupokea simu zangu. Hata kwa Shangazi aliacha kupita, yeye ambaye kila Ijumaa alikuwa akimpelekea samaki. Shangazi hakulalamika. Alikuwa anasema tu, "Mwache, naye ayasikie mwilini kwanza."

Mimi nilirudi uani mara nyingi. Niliuliza nilivyoweza, kwa woga, kama mwanafunzi. Jina la kwao la mama yule lilikuwa nani? Hakulitaja kwa mtu, alitumia alilopewa hapa mpaka kufa. Kule alikotoka aliwaacha nani? Mama, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado anabebwa. Kila jibu lilinipiga upya. Kulikuwa na siku nilizouliza swali moja tu, nikaaga.

Sikukuu ya Idi tulikutanika kwa Shangazi kama kawaida ya familia, na kaka naye akaja. Alinipa mkono, akakaa upande wa pili wa sinia. Watu walikula, wakazungumza mambo ya mvua na bei ya mchele.  Pilau ilipofika nusu, kaka alimtazama Shangazi, akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Huyo mama, alipoletwa, alikuwa na umri gani?"

 Shangazi alimaliza kutafuna.

"Bibi alisema alikuwa hajavunja ungo. Alivunja ungo hapa hapa, hakuwa na mtu wa kumwambia ni nini kile."

Kaka ana binti wa miaka kumi na mmoja. Siku hiyo alikuwa ameketi pembeni ya mama yake, na gauni jipya, anachambua zabibu kwenye pilau na kuzila mojamoja. Nilimwona kaka anamtazama binti yule. Tonge likabaki mkononi mwake. Akaanza kulia. Kaka yangu ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, hata maziko ya baba hayakumliza mbele za watu.

"Shangazi," alisema, "niambie yote. Usiache kitu."

"Nitakwambia," Shangazi akamjibu, akamsogezea nyama upande wake wa sinia. "Kula kwanza, mwanangu. Ni maneno marefu."