Doa Kwenye Filamu ya Mama Mkwe

Filamu ya eksirei wakati ule ilikuwa kipande chembamba cha plastiki kilichopakwa dawa pande zote mbili. Mionzi ilipopita, dawa iligeuka nyeusi. Ilipozuiwa na mfupa, pakabaki peupe. Kazi yangu katika hospitali ya Kisii ilikuwa kupiga picha hizo na kuziosha gizani. Niliipenda mno kazi ile, mpaka siku walipomleta mama mkwe kutoka Nyamira, anakohoa.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kifuani. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Muuguzi alimpeleka nyuma ya pazia, mama akatoka amejifunga shuka hadi shingoni. Nilipiga picha macho yangu yakiwa ukutani.

Filamu ilipotoka majini, niliishika mbele ya taa. Kwenye pafu palikuwa na doa jeupe, la mviringo. Daktari aliiinua dirishani.

“Kifua kikuu. Gari la Nairobi linaondoka adhuhuri. Aende.”

Wagonjwa wengi waliopanda gari lile hatukuwaona tena. Niliitazama filamu upya. Ukingo wa doa ulikuwa mkali mno, kama umekatwa kwa kisu; ugonjwa hauna ukingo wa namna hiyo. Nikamwomba daktari nirudie.

“Imebaki filamu moja tu,” alisema. “Harakisha.”

Muuguzi alikuwa ameitwa wadi ya wazazi, sikuwa na wa kumtuma. Mama mkwe alikaa kwenye benchi. Nilimpa mgongo, nikauambia ukuta:

“Mama, unisamehe. Kuna kitu umeweka chini ya shuka?”

Nje, dereva akawasha injini. Hofu yangu iligeuka hasira.

“Mama, watakupeleka!”

Kitu kikagonga benchi. Kilikuwa kiko chake cha tumbaku, kichwa chake cha mviringo kimechongwa kwa jiwe laini linalochimbwa Tabaka. Alikificha kifuani kwa sababu kanisa lake lilikataza kuvuta.

Nilipiga ile filamu ya mwisho. Chini ya taa nyekundu mbavu zilijitokeza polepole, na kati yake weusi mtupu, bila doa. Nililia pale pale, mikono ndani ya dawa.

Alipewa dawa ya kikohozi, akarudi Nyamira. Kiko kilibaki kwenye benchi: yeye hakuweza kukichukua mbele yangu, nami sikuthubutu kumkabidhi. Nilimpa mke wangu akipeleke. Alirudi nacho, akijizuia kucheka.

“Mama anasema ukae nacho, kanisa lisikione. Mtu aliyekwisha kumwona mpaka ndani ya mbavu, ya nini kumficha kiko?”