Toroli Saba kwa Mfuko Mmoja

Kuta zake zilinyooka hata watu wakamwita Timazi, na jina lake la ubatizo likabaki mdomoni mwa mkewe tu. Miaka thelathini alijengea watu nyumba, na kila Jumapili alikaa benchi la tatu, shati limepigwa pasi, vidole vimepasuka kwa saruji.

Jumatano moja upepo ulivuma, ukuta mmoja wa darasa la watoto pale kanisani ukaanguka. Ulimfunika mke wa kinyozi, aliyekuwa akifagia. Mazishini mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Timazi naye aliitikia.

Yeye alijua. Askofu alikuwa anakuja kuzindua mnara wa kengele, saruji nyingi ikapelekwa mnarani, na mwenyekiti wa ujenzi akamwambia, "Darasani nyoosha nyoosha, fundi. Mungu atashikilia." Toroli tatu za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji zikawa saba. Wepesi ulioje wa kumtwisha Mungu kazi tulizozilipua wenyewe!

Jumamosi ya wiki iliyofuata kinyozi alifungua duka. Timazi akaenda, akakaa kitini, akafungwa shuka shingoni.

"Kichwa chote?"

"Chote, kaka."

Wembe ulianzia utosini.

"Siku hizi natafuta dhambi," kinyozi alisema. "Mama watoto alimkosea nini Mungu? Nimeichambua ndoa nzima. Nimepata moja tu: wageni wakija, alikuwa anaficha sukari."

"Kaka..."

"Tulia, nitakukata. Wewe mtu wa kanisa, niambie. Mungu anaua mtu kwa sukari?"

Asubuhi ile mke wa Timazi alikuwa amemwonya mumewe: "Baba, ukifungua mdomo nani atakupa kazi tena? Wanao watakula ukweli?" Sasa wembe ulikuwa umefika kisogoni.

"Mkeo hakukosa kitu," Timazi alisema. "Ule ukuta ni mchanga mtupu. Niliambiwa ninyooshe saruji, nikanyoosha. Na nilijua."

Wembe ulisimama. Timazi aliusikia ubaridi wake shingoni, asithubutu hata kumeza mate.

"Siku zote hizi nimemnunia Mungu," kinyozi alisema. "Sijasali hata mara moja. Kumbe wa kununiwa ndiye ninayemnyoa!"

"Nisamehe, kaka."

"Usiniharakishe." Alifuta wembe, akaufuta tena. "Kuta tatu zilizobaki. Ni mchanganyiko uleule?"

"Uleule."

"Wameshaweka turubai upande ulioanguka. Watoto wanarudi kesho."

Timazi hakujua hilo. Alifumba macho.

Kinyozi akalifungua lile shuka kwa nguvu. "Inuka. Nyundo yako iko wapi?"

"Nyumbani. Kichwa je? Umeishia nusu."

"Kichwa kitasubiri!"

Wakapita barabarani wawili hao, mmoja amenyolewa nusu, na wauza mboga wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakapitia nyundo, wakaendelea. Walipofika kanisani, Timazi aliupiga ukuta wa darasa pigo moja tu, na tofali tano zikamwagika kama ugali mkavu. Kinyozi akaziangalia, akageuka upande, akalia.

Mchungaji alitoka ofisini mbio. "Timazi! Unabomoa nyumba ya Mungu?"

"Nabomoa kazi yangu, mchungaji," Timazi alisema. "Muite na mwenyekiti, nieleze mara moja tu."

Akainua nyundo tena.