Unene wa Mlingoti

Mimi ni seremala, na sijui kukaa na kazi iliyokwisha. Nikimaliza mlango naurudia na randa. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nitalipiga randa jeneza langu nikiwa ndani.

Mama yangu mdogo, aliyeishi ng'ambo ya bwawa, alikuwa ameanza kusahau watu. Mama alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza tena kupanda bodaboda kuzunguka ile barabara ya mawe. "Nipeleke na maji," akaniambia, "kabla hajanisahau na mimi." Nilikuwa na mashua ya futi kumi na mbili niliyoiunda mwenyewe, lakini kwa makasia upepo wa pale ulinishinda. Nikaamua kuiwekea tanga la Kichina, lile lenye fito, linalojikunja kama mkeka ukilegeza kamba moja tu. Mama aliogopa sana kupinduka.

Mlingoti wa tanga hilo haufungwi kamba za kuushikilia. Unene wake ndio nguvu yake. Na mimi ni binti wa mjenzi. Baba alitufundisha kupima nguzo ya ghala kwa viganja viwili: vidole vikikutana, nguzo ni nyembamba. Nikanunua sokoni Katangi mkaratusi ambao vidole vyangu havikukutana nilipoushika. Tulipoisukuma mashua majini, ikalala ubavu kabla hata sijapandisha tanga. Mama alikuwa ukingoni na mkongojo wake.

"Hiyo si mti ya mashua, mwiitu, binti yangu," akasema. "Hiyo ni ya ghala."

Wiki ya pili nikachonga mwingine: milimita tisini pale unapopita kwenye benchi, hamsini kileleni. Fito nikazifanya za mwanzi, unene wa kidole gumba. Mashua ikaenda, ikarudi salama. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi niliona ncha ikipinda kidogo na moyo ukaanza kuniwasha. Nikachonga wa tatu. Nikanenepesha fito, tanga likawa zito kulipandisha. Nikazipunguza, moja ikavunjika. Nilijiambia ni kwa usalama wa mama. Kweli niliogopa, lakini pia niliupenda ule mti kuliko safari yenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu husema, langu halikuuma.

Wiki ya saba mama aliingia karakanani, akachukua randa yangu, akaitia ndani ya kiondo chake.

"Mimi niko na dada mmoja tu," akasema. "Weka ile ya pili twende."

Tukaenda. Mama alishika ile kamba ya kulaza tanga njia nzima na hakuhitaji kuilegeza hata mara moja. Tulimkuta mama mdogo barazani akichambua ndengu. Aliponiona akacheka, akaniita kwa jina langu, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Kisha akamtazama mama, akaniuliza kwa adabu, "Na huyu mgeni umekuja na yeye, ni wa wapi?"

Mama aliketi kando yake taratibu, akavuta ungo karibu.

"Mimi ni wa ng'ambo," akasema, na wakachambua pamoja.

Tukirudi mama alishika tena ile kamba. Niliutazama mlingoti muda wote. Ulipinda kidogo kwenye ncha, ukanyooka, ukapinda tena, vilevile kama ulivyofanya wiki ya pili.